Roboti Ishirini, Jumamosi Moja: Mtoano, Ligi au Muungano?

Swali. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Tumekabidhiwa kuandaa mashindano ya roboti ya shule 20, Jumamosi moja, ndani ya ukumbi wetu. Karibu nusu ya timu zinatoka nje ya mji, nyingine mwendo wa saa nne kwa basi. Wengine wana seti za LEGO, wengine wameunda roboti zao kwa Arduino (bodi ndogo ya kompyuta) na vifaa vya kuokoteza. Kamati inataka mtoano kama mpira wa miguu, wanasema unaeleweka na una msisimko. Mwenzangu anataka ligi. Mkuu wa shule ameona video ya roboti tatu zikisaidiana dhidi ya tatu nyingine, naye anataka hivyo hivyo. Tufuate lipi? Na mwakani tuandae moja kubwa la kanda, au madogo kadhaa?

Jibu. Mwalimu, kabla hamjabishana tena kwenye kikao, chukueni karatasi mpange huo mtoano wa kamati. Timu 20 hazigawanyiki vizuri. Ili mfike 16, timu nane zicheze mechi nne za awali na 12 zisubiri. Kisha 16, nane, nne, mbili, bingwa. Jumla ni mechi 19, na waandaaji huipenda hesabu hii kwa sababu kabla ya chakula cha mchana mnapiga picha na kombe.

Sasa itazameni kwa jicho la mwanafunzi. Kati ya timu nane na 12, kutegemea matokeo, zitacheza mara moja tu. Mechi ikiwa ya dakika mbili na nusu, kuna watoto wataamka usiku, wapande basi saa kumi alfajiri, roboti yao iguse meza kwa dakika mbili na nusu, halafu wakae kwenye viti vya plastiki wakiwapigia makofi wenzao mpaka basi litakapoondoka. Mtoano wa mpira unavumilika kwa sababu hata anayetolewa amecheza dakika 90. Na katika mpira timu mbovu hufungwa kwa kuwa ni mbovu. Roboti nzuri hutolewa kwa waya uliolegea.

Hili nililiona mwenyewe nikiwa mwamuzi kwenye mashindano ambayo sitayataja. Kulikuwa na wasichana watatu wenye roboti ya Arduino juu ya kipande cha plaiwudi. Mechi ya kwanza, roboti ilikwenda kama sentimeta thelathini, gurudumu la kushoto likachomoka. Wakatolewa saa nne na robo asubuhi. Mchana nikatoka nje kunyoosha miguu nikawakuta kwenye varanda ya nyuma. Walikuwa wamelikaza gurudumu kwa raba ile ya kufungia noti na wanaikimbiza roboti kwenye mkeka wa mazoezi. Ilimaliza kazi zote sita. Wakairudisha mwanzo, ikamaliza tena zote sita. Bingwa wa siku ile alikuwa amemaliza tano. Pale varandani hapakuwa na mtu wa kuandika alama.

Tangu siku ile, mfumo wowote ninaoletewa naupima kwa swali moja: timu itakayoshika mkia itacheza mara ngapi, na kati ya mchezo na mchezo itapata dakika ngapi za kukaza skrubu? Mengine yote, msisimko, kombe, mgeni rasmi, yanakuja baadaye.

Kwa kipimo hicho ligi ya mwenzako ina nia njema, ila muda hautoshi. Timu 20 zikikutana kila moja na kila nyingine ni mechi 190. Mpe kila mchezo dakika sita, yaani mbili na nusu za kucheza na zilizobaki za kupanga upya vifaa na kukubaliana alama, utapata saa 19. Ukiwa na meza mbili, saa tisa na nusu bila hata chai. Makundi manne ya timu tano yanawezekana: mechi 40, saa mbili kwenye meza mbili, kila timu inacheza mara nne. Huo tayari ni uungwana kuliko mtoano. Lakini mtaanza kusikia malalamiko tunayoyajua sote, kwamba kundi B ni kundi la kifo, na kwamba fulani amepita kwa pointi za mezani kwa kuwa mpinzani wake betri ilikata.

Na hapa kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilioni. Katika mashindano ya mezani, roboti inafuata mstari, inasukuma kizuizi, inabeba tofali na kuliweka kwenye duara. Roboti ya jirani iko kwenye mkeka wake, haiigusi hii wala haiizuii. Sasa hapo mpinzani ni nani? Hakuna. Kila mmoja anapambana na saa na mkeka. Ukiwapanga wawili wawili na kusema huyu kamfunga yule, umeivalisha riadha jezi ya mpira. Unaweza ukamtoa mwenye alama 180 kwa kuwa alikutana na mwenye 190, huku mwenye 60 akipita kwa kumshinda mwenye 50.

Kwa hiyo kamati wakitaka mfano wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, waambie sawa, ila waache uwanja wa mpira waende kule wanakorusha tufe. Mrusha tufe hatolewi kwa jaribio moja bovu. Anaitwa, anarusha, anakaa, anaitwa tena, na kinachohesabiwa ni mtupo wake bora. Ndivyo FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti za LEGO yaliyoanza mwaka 1998, inavyofanya: roboti inajiendesha yenyewe kwa dakika mbili na nusu, kila timu inapewa raundi tatu rasmi, alama ya juu kabisa ndiyo inayoipanga.

Hebu tuiweke kwenye ukumbi wenu. Timu 20 mara raundi tatu ni michezo 60. Meza mbili, dakika tano kila mchezo, mnamaliza kwa saa mbili na nusu: mkianza saa tatu kamili asubuhi, saa tano na nusu mmekwisha. Kila timu inarudi mezani baada ya dakika 50. Hizo dakika 50 ndizo zawadi yenyewe. Ndani yake mtoto anagundua kwamba sensa, yaani kihisi cha roboti, ilikuwa juu mno, anabadilisha namba moja kwenye programu, anajaribu kwenye mkeka wa mazoezi, anarudi na kitu tofauti. Wale wasichana wa raba wangekuwa na raundi mbili mbele yao.

Mimi ningebadilisha kitu kimoja tu: badala ya kuchukua raundi bora moja, jumlisheni mbili bora kati ya tatu. Raundi moja bora inaweza kuwa bahati, roboti imeteleza ikaangukia mahali pazuri. Mbili zinamlipa aliyejenga roboti inayorudia kazi ile ile vile vile. Anayeharibu moja bado hajapoteza kitu. Kuna wenzangu wanaopinga, wanasema wageni wanahitaji kusamehewa zaidi, na sina ugomvi nao. Amueni mapema tu, muandike kwenye kanuni kabla timu hazijafika.

Sasa mkuu wa shule. Asionekane mpenda makuu, kwa sababu alichokiona ni kizuri kuliko vyote. Bila shaka ni FIRST Robotics Competition, mashindano aliyoyaanzisha mvumbuzi Mmarekani Dean Kamen. Ya kwanza yalifanyika New Hampshire mwaka 1992, timu 28, na wakati huo kila mmoja alipigana kivyake. Muungano wa timu ulikuja mwaka 1999. Leo ni tatu dhidi ya tatu, uwanja wa takriban meta 16 kwa nane, roboti zinazoweza kuzidi kilo 50.

Utamu wake uko kwenye ratiba. Kompyuta inakupangia wenza, na wanabadilika kila mechi. Uliyemkaba saa nne ndiye mwenzako saa tano, kwa hiyo hakuna anayeficha bisibisi. Ukiona roboti ya jirani imekufa, unakimbia kumsaidia, maana huenda ndiyo itakayokubeba mechi ijayo. Kisha inakuja saa ya kuchaguana: timu nane za juu zinakuwa manahodha na kuita wenza wao mbele ya umati. Timu iliyo nafasi ya 22 kwa sababu ilipangiwa wenza wabovu inaweza kuitwa, kwa kuwa kuna watu waliokuwa wanaitazama. Ndiyo maana mashindano yale yamejaa watoto wenye madaftari kwenye majukwaa, wanaandika: huyu anabeba vitatu kwa mzunguko, huyu hapandi mwishoni, huyu analinda vizuri lakini hupata adhabu. Hiyo ni elimu ambayo mtoano hauwezi kuileta. Kwenye mtoano, unayemtazama ni adui.

Lakini mwaka huu msiuguse. Hata ile ya mdogo wake, FIRST Tech Challenge, ya wawili dhidi ya wawili, inataka uwanja wa mraba wa meta 3.66 kila upande, na roboti zote zianze zikiwa ndani ya boksi la sentimeta 46 hivi kila upande. Hesabu ya muda haina shida: timu 20, mechi sita kila moja, nne kwa mpigo, ni mechi 30, saa tatu na nusu kwa uwanja mmoja. Shida ni kwamba nyinyi mna LEGO na mbao kwenye uwanja mmoja. Roboti ya plastiki ya gramu mia kadhaa ikisukumwa na ya plaiwudi yenye betri ya pikipiki, utaokota vipande, na mzazi aliyenunua seti ile atakuwa amesimama hapo hapo. Na kumbuka bahati: kwa mechi tano au sita za wenza wa kupangiwa, msimamo bado una ukungu mwingi. Wenzetu wanavumilia ukungu huo kwa sababu wana ile saa ya kuchaguana. Msichukue nusu ya mfumo.

Chukueni roho yake kwa njia rahisi. Katika VEX IQ, mashindano mengine ya roboti za wanafunzi, timu mbili zinawekwa uwanja mmoja kwa sekunde 60 na zote mbili zinaondoka na alama ile ile, hakuna wa kumshinda mwenzake. Roboti zenu zinajiendesha zenyewe, zitagongana mkizitia mkeka mmoja, kwa hiyo fanyeni kama FIRST LEGO League ilivyofanya katika baadhi ya misimu: meza mbili zigusane mgongo, na pawe na kazi moja ya pamoja mpakani. Roboti ya meza A ikisukuma kitu kikavuka, na ya meza B ikikipokea, wote wanapata. Mchana, changanyeni majina kofiani, shule ya mjini na shule ya kijijini. Mtaona wanavyokutana varandani kupanga.

Na kamati msiwanyime mtoano wao, ila uje mwisho na uwe mfupi. Timu nane za juu, yaani mapambano saba. Msimtoe mtu kwa mchezo mmoja. Hata wakubwa hawafanyi hivyo: FIRST Robotics Competition kwa miaka mingi ilicheza hatua ya mwisho kwa kushinda mara mbili kati ya tatu, na mwaka 2023 ikahamia mtindo wa kumpa aliyefungwa njia ya pili, hutoki mpaka ufungwe mara mbili. Kwenu ningeweka nyumbani na ugenini: mchezo wa kwanza wewe uko meza A na mwenzako B, wa pili mnabadilishana, alama zinajumlishwa. Ni dakika 70 kwa yote saba. Faida ya pili ni kwamba inafuta tofauti ya meza, na tofauti ipo hata kama fundi wenu ni hodari. Timu 12 zilizobaki zicheze raundi za pamoja kati ya robo na nusu fainali, ili pasiwe na mtu aliyefungasha virago saa saba mchana.

Majaji ni suala jingine, nami nitalipita haraka kwa kuwa najua mna watu wachache. FIRST LEGO League inaigawa tathmini mafungu manne sawa: alama za roboti mezani ni asilimia 25 tu, zilizobaki ni usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu na tabia ya timu. Nyinyi mnaweza kubaki na maswali juu ya usanifu peke yake. Vyumba vitatu vya madarasa, majaji wawili kila kimoja, dakika 20 kwa timu, mnamaliza sambamba na raundi za asubuhi. Kila timu ipewe karatasi yake ndogo yenye saa zake zote: mezani, kwa majaji, mezani tena. Ratiba moja kubwa ukutani haisomeki na mtoto mwenye hofu.

Maswali ya majaji yana kazi nyingine ambayo unaijua, Mwalimu. Kuna roboti zitakazokuja ambazo mtoto hajawahi kuzifungua. Sisi walimu ndio wagonjwa wakubwa wa hili, wazazi wahandisi wanatufuata. World Robot Olympiad, iliyoanza Singapore mwaka 2004 na yenye timu za watoto wawili au watatu, ina dawa ninayoipenda: kanuni ya kushtukiza. Asubuhi ya siku yenyewe inatangazwa kazi ya ziada au badiliko ambalo hakuna aliyelijua, na watoto wanalitatua wenyewe, kocha yuko nje. Nanyi wekeni ndogo tu. Tofali jekundu lililokuwa kushoto leo liko kulia. Ndani ya nusu saa utajua nani aliandika programu.

Kuhusu mwakani, jibu langu ni madogo kadhaa, na nina mfano. Michigan, Marekani, walikuwa na mfumo wa ukumbi mkubwa: timu inalipa, inasafiri, siku tatu za shamrashamra, ikikosa bahati imekwisha. Mwaka 2009 wakaanza mfumo wa wilaya. Mashindano yakashushwa kwenye kumbi za michezo za shule, timu zipatazo 40, na kwa ada ile ile kila timu inacheza mara mbili, sehemu mbili tofauti, mechi 12 kila mara. Pointi zinajumlishwa ndipo wa juu wanakwenda fainali ya jimbo. Majimbo mengine yakafuata. Walichopoteza ni taa za rangi na uwanja mkubwa, na hilo si dogo, kuna mtoto anayependa roboti kwa sababu ya zile taa. Walichopata ni timu inayoharibikiwa wiki ya kwanza na kurudi imejirekebisha wiki ya tatu.

Kwenu ningefanya Jumamosi tatu katika shule tatu, timu 13 au 14 kila mara, bila mgeni rasmi, bila majaji, raundi tu na alama zinaandikwa. Timu ihudhurie angalau mbili, mojawapo iliyo karibu nayo. Kisha fainali moja yenye mapambo yote. Shughuli kubwa ya mahali pamoja huwa inawatupa watu kabla haijaanza: mwaka 2017, kwenye FIRST Global Challenge ya kwanza, mashindano ya roboti ya mataifa, kule Washington, wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili na kuruhusiwa dakika za mwisho kabisa. Kwenu viza ni nauli ya basi, na hakuna gazeti litakaloandika kwamba shule fulani haikuja.

Vitu vichache vya ukumbini. Meza si ghali: karatasi moja ya plaiwudi ya futi nane kwa nne na mbao za mbili kwa tatu za kuizungushia, ndani inabaki nafasi ya takriban meta 2.36 kwa 1.14, kipimo kinachotumiwa na mashindano makubwa ya mezani. Fundi seremala mmoja azitengeneze zote mbili siku moja, kwa mbao za mzigo mmoja. Msiziweke karibu na dirisha la mashariki. Jua la saa tatu likipiga mkeka, sensa inaona mstari mweusi kama kijivu, na timu itakayocheza saa tano kivulini itaonekana ina akili zaidi. Ijumaa jioni fanyeni mchezo mmoja wa majaribio na roboti yoyote, mkitumia saa, mpime kama dakika tano zinatosha kweli. Mwamuzi apitie karatasi ya alama na watoto pale pale mezani, wakubaliane kabla vifaa havijaguswa. Vikishaguswa, hakuna rufaa.

Umeme wa chaja uwe na soketi zake, mbali na spika za muziki. Na birika la chai la umeme lipelekeni jengo lingine kabisa. Mimi nililiruhusu mara moja kwenye ekstensheni ya pale timu zinapotengenezea roboti. Maji hayakuchemka, laptopu 11 zikabaki bila chaji, na raundi ya pili ikaanza saa nane.